Mtu Mwenye Chupa ya Chai

Jumamosi, 5 Aprili

Suluhu tena. Bila bila. Goti la kushoto limevimba kama mkate uliozidishiwa hamira, lakini moyo uko juu. Yule mtu karudi!

Namwandika vizuri hapa nisije nikamsahau. Koti refu la kahawia. Kofia ya sufu. Chupa ya chai ya bati, rangi ya kijani, imebonyea ubavuni. Anasimama peke yake karibu na kibendera cha kona, mahali ambapo hakuna mwenye akili zake anayesimama, maana upepo wote wa Harkby unapitia hapo. Hashangilii. Hazomei. Hapa kwetu mtu asiyemtukana refa lazima awe na shughuli nyingine.

Machi alikuja, tukatoka suluhu. Leo kaja tena. Nani anarudi kuitazama Harkby Town kwa hiari yake? Hata wake zetu hawarudi.

Dorian Tubb, beki mwenzangu wa kati, miaka kumi na tisa, njumu za manjano, anasema huyo ni msaka vipaji. Eti kaambiwa na binamu yake kwamba klabu kubwa zina watu wa namna hiyo, wanavaa kizeezee wasijulikane. Kisha akanigeuzia kibao mbele ya chumba kizima. "Usijichoshe, Babu. Huyo kaja kuniangalia mimi. Wewe watakutumia mtu wa makumbusho."

Nikamsamehe palepale. Nilipofika nyumbani nikamsamehe tena, maana ule msamaha wa kwanza haukushika.

Ila kitu kimoja nimekiona kwa macho yangu. Kila nikibutua mpira wa hatari, yule mtu anashika kichwa kwa mikono miwili na kushusha pumzi. Dorian akibutua pia anashika kichwa. Lakini kwa mkono mmoja, mwingine ana kikombe.

Jumapili, 6 Aprili

Kanisani. Mchungaji Pamela kahubiri juu ya kuridhika na ulicho nacho. Nusu nilisikiliza. Nusu nyingine nilikuwa najiuliza. Msaka vipaji wa klabu gani? Mbona haandiki kitu? Mbona jana alipiga picha nguzo za taa, zote nne, halafu jukwaa letu la mbao, halafu choo?

Nimelitafuna hilo la choo katika nyimbo mbili nzima. Nadhani nimelipata. Klabu kubwa hawatazami mguu tu, wanatazama na mtu katokea wapi. Mchezaji aliyevumilia choo kile miaka sita, huyo atavumilia lolote.

Mchana Glenys, mke wangu, kaniuliza vigae vya bafuni nitavibandika lini. Mimi nafanya kazi ghala la vigae, na vile vya bafu letu vipo nyuma ya mlango tangu Pasaka ile nyingine. Nikamwambia msimu ukiisha. Akauliza msimu upi, nimtajie mwaka. Mwanamke huyu nampenda, ila ana maswali ya polisi.

Jumanne, 8 Aprili

Mazoezi. Mvua. Kocha Prosser kaniita chumba cha jezi, akafunga mlango. Kocha akifunga mlango hakuna jema.

Akazunguka kwanza. Akaniuliza hali ya Glenys. Akaniuliza hali ya goti. Ndipo akasema: mzee, una miaka arobaini na moja, nina vijana wanasubiri, mwisho wa msimu huu nafikiri tukuage vizuri, tukupe na keki.

Keki!

Sikulia. Nilikohoa tu. Nilimwambia sijaruhusu goli hapa nyumbani tangu Februari. Akakuna shingo, akakiri ni kweli. Nikambana hapohapo. Nikimaliza msimu hapa nyumbani bila goli kuingia, anipe msimu mwingine mmoja. Zimebaki mechi mbili, Jumatatu ya Pasaka na ile ya kufunga. Akacheka. Akasema haya, goli lisiingie, lakini likiingia hata moja, Wilf, usije kunililia. Tukapeana mkono.

Niandike ukweli, maana hapa hasomi mtu ila Mungu, na Yeye anajua. Sijawahi kuwa mkubwa. Nilipokuwa na miaka kumi na minane klabu ya mjini iliniambia asante, hutufai. Tangu hapo nimehama klabu kuliko mchungaji wa Kimethodisti anavyohamishwa makanisa. Kuna klabu iliniuza kwa seti ya nyavu za magoli, na nyavu zenyewe zilikuwa zimetumika. Lakini tangu ujana wangu, Jumamosi saa tisa alasiri ikigonga, mimi nipo mahali fulani penye majani, nimefunga kamba za njumu, mtu ananitukana. Saa tisa ya Jumamosi nikiwa bafuni na kigae mkononi, huyo atakuwa nani? Simjui mtu huyo. Sitaki kumjua.

Kwa hiyo Mungu kaniletea milango miwili. Kocha mmoja, mwenye chupa ya chai mwingine. Nitabisha hodi kwenye yote miwili.

Jumamosi, 12 Aprili

Ugenini. Tumefungwa tatu kwa moja. Haihesabiki, si nyumbani. Magoli manne, na yule mtu hakuwepo! Nilimtafuta uwanja mzima. Dorian alimtafuta pia, nilimwona anachungulia. Kwa nini haji ugenini? Ajabu. Labda anataka kutuona tukiwa katika uzuri wetu.

Alhamisi Kuu, 17 Aprili

Nimepata akili usiku uliopita, nikiwa katika sala, kwa hiyo sidhani kama ni mbaya.

Yule mtu husimama kwenye kona ya upande wa kushoto. Upande wa Dorian! Mimi nacheza kulia. Ananiona kwa mbali, nywele na mgongo tu. Dawa yake ni kiti. Mpe mtu wa makamo kiti, atakaa pale kiti kilipo.

Wakati wa ibada ya jioni nimeazima kiti kimoja cha kanisa, kile chenye mfuko mgongoni wa kuwekea kitabu cha nyimbo. Sikuomba, maana Mchungaji Pamela alikuwa anaosha miguu ya watu na sikutaka kumkatiza. Kiti kimo kwenye gari. Glenys kauliza kiti cha nini. Nikasema cha kanisa. Si uongo.

Jumapili ya Pasaka, 20 Aprili

Kristo kafufuka. Kanisa limejaa pomoni. Kimepungua kiti kimoja.

Mchungaji Pamela kauliza mbele ya watu wote kama kuna aliyekiona. Nikainamia kitabu cha nyimbo kana kwamba sijawahi kuona nyimbo. Kisha nikasimama ibada nzima nimpishe bibi mmoja. Watu wakanisifu kwa upole wangu. Goti linawaka moto. Nimelichukua kama adhabu na tumemalizana, mimi na Bwana.

Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili

Suluhu! Bila bila! Yule mtu alikuwepo! Kiti alikikalia!

Nianze asubuhi. Niliamka nikajitazama kwenye kioo cha bafu lisilo na vigae. Mvi. Mtu ananitazama kwa mbali anaona nini? Babu. Glenys hana dawa ya nywele, nywele zake ni za Mungu. Kulikuwa na kiwi nyeusi ya viatu. Nikapaka kidogo pembeni. Ikapendeza. Nikapaka kote.

Kiti nilikiweka upande wangu mapema. Yule mtu kaja, kakitazama, kasoma jina la kanisa lililoandikwa nyuma, katazama kulia na kushoto, kakaa. Nikasema haleluya. Tulipokwenda kupasha misuli na kurudi, kiti kipo upande wa Dorian! Na mtu juu yake! Dorian kamhamisha kwa maneno matamu, eti kule hakuna upepo. Uongo mtupu. Upepo wote uko kule.

Lakini baada ya mapumziko tulibadilisha magoli, na upande wa Dorian ukawa wangu. Yeye mwenyewe kaniletea mgeni miguuni. Nilicheka hadi kipa akaniuliza nina nini.

Dakika ya sitini ikashuka mvua. Nikaona jezi yangu inaingia madoa meusi. Nikaona mikono inaingia madoa meusi. Refa kapiga filimbi, kakimbilia kwangu mikono juu, akidhani nimepasuka kichwa na damu imeharibika. Mshangiliaji mmoja kwenye jukwaa kapaza sauti: "Mwiteni fundi, Babu anavuja oili!" Jukwaa zima likacheka, yaani watu kama sitini na mbwa mmoja.

Lakini goli halikuingia! Dakika za mwisho nilizuia mpira kwa uso. Yule mtu alisimama kwenye kiti, kashika kichwa, kapiga kelele ya uchungu kabisa. Ananionea huruma! Mtu anaionea huruma mali yake tu.

Nimemnunulia pai. Sikupeleka mwenyewe, ningeonekana na njaa. Nilimpa mama wa kibanda cha chai, nikamwambia apeleke aseme ni ya klabu. Mama kanitazama, kiwi nyeusi inanitiririka shingoni, akasema mwanangu sisi hatujawahi kumpa mtu pai ya bure tangu jubilei. Nikamwambia ndiyo maana ataelewa. Mtu ukimpa pai ya bure, anajua unamhitaji.

Kiti nimekirudisha kanisani kikiwa na tope. Nimekipangusa. Karibu chote.

Alhamisi, 24 Aprili

Mazoezi. Imebaki mechi moja tu. Jumamosi.

Dorian na mimi hatusemeshani. Yeye kapaka njumu zake rangi upya, sasa unaziona hata ukifumba macho. Mimi kiwi nimeacha.

Usingizi sipati. Si kwa woga, kwa udadisi. Huyu mtu anataka nini hasa? Klabu gani inamtuma mtu kuwatazama mabeki mara tatu, asiulize jina la mtu, asizungumze na Kocha, apige picha choo? Glenys anasema nimuulize. Nikamwambia mambo ya kandanda hayaendi hivyo, hayaulizwi. Akasema basi ndiyo maana hakuna mnachokijua. Akazima taa.

Jumamosi, 26 Aprili

Nitaandika kwa mpangilio.

Nilifika mapema. Na yeye alikuwa kafika mapema, amesimama kwenye kona yake, anamimina chai. Udadisi ukanishinda. Nikanunua pai, nikamwendea mwenyewe, miguuni nikiwa na soksi tu.

Nikamsalimu. Nikamwambia mimi ndiye Wilf Garside, namba tano. Akasema ananijua, ananijua sana, na hakusema kwa furaha. Nikamuuliza: bwana, nisamehe, wewe hapa unatafuta nini?

Akasema: "Goli."

Anaitwa Ambrose Lilley. Si msaka vipaji. Alikuwa kondakta wa treni, sasa kastaafu. Yeye na kaka yake walianza zamani kuzunguka viwanja vya ligi yetu, kimoja kimoja, wakipiga picha kila kitu, kila mahali penye nguzo za taa na pai. Wengi nchini wana ugonjwa huo. Na kaka yake aliweka sheria: uwanja ambao hujaona goli likiingia haujaufika, hilo ni shamba tu lenye mistari. Kaka kafariki wakati wa baridi. Vyote walivimaliza. Kimebaki Harkby.

Kaja Machi, suluhu. Kaja Aprili, suluhu. Kaja Pasaka, suluhu. Treni mbili na basi, kila safari, na nyonga mbovu. Akanitazama na macho yake ya maji. "Kila mpira ukielekea wavuni, ndugu yangu, unatokea wewe. Ile ya Pasaka uliizuia kwa uso. Kwa uso, bwana! Mtu mzima!"

Kumbe! Tangu Machi mimi ndiye ninayemrudisha Harkby. Kadiri ninavyocheza vizuri ndivyo anavyolazimika kurudi. Nilisimama pale na pai mkononi kama mtu aliyepigwa mawimbi. Aliichukua pai. Akashukuru kwa ile ya kwanza pia, akasema ilimshangaza.

Chumbani nikamwambia Dorian. Akatazama njumu zake, akaniuliza kwa sauti ndogo: yaani hakumtazama mtu yeyote? Nikasema hakumtazama mtu yeyote. Akasema binamu yake ni mwongo. Nikampigapiga bega. Kwa mara ya kwanza nilimsamehe na msamaha ukashika.

Sasa shida. Nikiruhusu goli, Kocha ananipa keki. Nisiporuhusu, mzee anarudi kwake mikono mitupu, na msimu umekwisha, na nyonga ile haitafika msimu ujao. Nikaomba pale chini ya bomba la maji ya moto. Likanijia jibu safi kabisa. Goli ni goli, hata likiingia kwao! Nifunge mimi! Mzee apate goli lake, mimi nipate msimu wangu. Sikujiuliza kwa nini sijafunga miaka mitano.

Bila bila mpaka mapumziko. Bila bila mpaka dakika ya tisini. Nilizuia kila kitu, na kila nilipozuia nilimwona mzee anainama kama mti kwenye upepo, nikamwashiria kwa mkono subiri, subiri.

Dakika za nyongeza. Kona yetu! Kocha kapaza sauti nibaki nyuma. Nilimsikia. Jukwaa zima lilimsikia. Nikaenda.

Mpira ukaja mzuri, mzuri kama niliouomba. Nikaruka. Goti likaruka nusu tu. Kipa wao kaudaka juu ya kichwa changu, kautupa mbele, na winga wao mwembamba kaondoka nao.

Nikageuka nikakimbia. Urefu wote wa uwanja. Mapafu yalibaki nyuma, yatafika Jumanne. Nilisikia mtu jukwaani anasema mpisheni Babu, breki hana. Winga kapiga krosi chini. Dorian kateleza. Nikanyoosha mguu niubutue nje kama nilivyobutua maisha yangu yote.

Ukaingia. Kona ya juu. Kipa wetu hakutikisika. Goli zuri kuliko yote niliyowahi kufunga, na nimejifunga.

Uwanja kimya. Nimelala kifudifudi kwenye tope. Halafu sauti moja, ya kizee, kwenye kona: "Goliiii!" Nikainua kichwa. Mzee Lilley anacheza. Chai imemwagika. Analia, anacheza, anaonyesha juu, anamwambia mtu aliye huko juu kwamba wamemaliza.

Filimbi ilipolia alikuja hadi katikati ya uwanja akanikumbatia na tope langu. Nikamuuliza kama la kujifunga linahesabika. Akasema kaka yake angelipenda hilo kuliko yote. Akanipa chupa yake ya chai. Akasema yeye sasa hana safari tena.

Kocha alinisubiri mlangoni. Hakufoka. Alinishika shingo kwa nyuma, akasema mzee, mkono ni mkono. Keki ilikuwa tayari mezani. Ya limau. Wameandika jina langu kwa Z badala ya S. Nimekula vipande viwili. Dorian kanibebea begi mpaka kwenye gari, hakutaka nimshukuru.

Jumapili, 27 Aprili

Mchungaji Pamela ametangaza kiti kimeonekana, kina tope na ganda la pai ndani ya mfuko wa kitabu cha nyimbo. Kanitazama mimi. Baada ya ibada nimekiri. Kacheka mpaka kashika meza. Amenipa kazi ya kusafisha viti vyote.

Glenys hakusema neno juu ya vigae. Alinikanda goti. Hiyo ndiyo inatisha zaidi.

Jumamosi, 3 Mei

Saa tisa alasiri. Bafuni. Nimebandika vigae vitatu. Kimoja kimeanguka. Nje nilisikia filimbi, nikatoka mbio na gundi mkononi. Ilikuwa birika la jirani.

Jumatatu, 5 Mei

Siku ya mapumziko. Nilimwambia Glenys nakwenda kutafuta gundi. Gari likanipeleka Skelbeck lenyewe. Skelbeck Rovers wako ligi moja chini yetu na bado wana mechi za viporo. Nilitaka tu kunusa majani.

Manyunyu. Nilivaa koti langu refu la kazini na kofia. Nikabeba chupa ya mzee Lilley. Nikasimama peke yangu kwenye kona, watu wasinijue wakaanza kuniuliza habari za goli lile.

Wamenijua! Nilikaa dakika chache tu nikaona benchi lao linanong'ona na kunitazama. Nikafungua chupa, nikanywa, sikuonyesha kitu.

Wana beki wa kati mzeemzee, kavimba goti. Nywele zake nyeusi mno kwa sura ile, na manyunyu yalipozidi shingo yake ikaanza kuchafuka sijui kwa nini. Kila akibutua ananitazama mimi. Kila akibutua! Ilipobidi azuie mpira kwa tumbo, nikashika kichwa kwa mikono miwili, maana najua maumivu yale. Akanyanyua kifua kama jogoo. Maskini. Kasikia mrithi wake kaja.

Mama mmoja kaniletea kiti. Mapumziko, mama wa chai kaniletea pai, akasema ni ya klabu. Nikamuuliza bei. Akasema hapana, hapana bwana, kula tu, na ukiwa na lolote la kusema, kocha yupo pale.

Pai ya bure! Hakuna klabu inayompa mtu pai ya bure ila inamhitaji. Hilo hakuna anayelijua kuliko mimi.

Sikumwendea kocha wao. Mambo ya kandanda hayaulizwi. Waje wenyewe. Jumamosi nitakwenda tena, nitakaa kwenye kiti kilekile, nikae tu. Goti nimelifunga barafu. Gundi nimesahau kununua.